Kopo la Rangi Halina Mwenyewe

Nyumbani kwetu Koboko kuna chumba kimoja ambamo halali mtu. Ni cha baba mdogo, fundi rangi, na kimejaa makopo. Kuna ya lita 1, ya lita 4, na ndoo za lita 20, na ndani ya kila moja mna kiasi kilichobaki baada ya kazi kwisha. Mwenye nyumba akishalipa hataki kuyaona tena. Mwenye duka hapokei kopo lililokwisha kufunguliwa. Baba mdogo naye hayatupi, kwa sababu anasema rangi ni hela. Tangu nikiwa shule ya msingi namsikia akisema hivyo, na tangu wakati huo sehemu kubwa ya hela hizo imeganda ikawa ngumu kama soli ya kiatu.

Likizo moja nilimweleza nilichokisoma: kwamba huko Marekani, katika jimbo la Oregon, kuna sheria inayowataka watengenezaji wa rangi wagharimie kukusanya rangi inayobaki majumbani. Alicheka, akaendelea kukwangua brashi yake. "Sasa huyo mwenye kiwanda," akasema, "mimi atanijulia wapi?"

Nilidhani ni mzaha. Baadaye niliona kwamba ni swali la historia, na kwamba hapa West Nile tuna majibu yake mawili au matatu ambayo hayakuandikwa katika sheria yoyote ya rangi.

Kuta zetu hazikuanza na rangi ya dukani. Nyumba za Walugbara na Wakakwa zilisiribwa kwa udongo, samadi ya ng'ombe na jivu, na pambo lilitoka katika udongo wa rangi mbalimbali uliochimbwa karibu na nyumbani. Mama akimaliza kusiriba, kilichobaki kilimwagwa uani na mvua ikamaliza kazi. Aliyetengeneza, aliyetumia na aliyetupa alikuwa mtu mmoja, na alichokitupa kilikuwa udongo tu. Sisemi kwamba zamani ilikuwa nzuri kuliko sasa. Kuta hizo zilidai kazi mpya kila kiangazi, na kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Nasema tu kwamba swali la baba mdogo lisingeweza kuulizwa wakati huo.

Arua ilianzishwa kama makao ya serikali mwaka 1914, eneo letu lilipotolewa Sudan na kuingizwa Uganda. Kabla ya hapo lilikuwa sehemu ya Lado, iliyokuwa mkononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki Desemba 1909. Kwa hiyo ndani ya muda mfupi watu wa hapa walitawaliwa kutoka pande tatu bila kuhama. Pamoja na serikali zilikuja ofisi, kambi za askari, misheni na maduka, na majengo hayo yalitaka chokaa ukutani na rangi ya mafuta kwenye milango na madirisha. Ndipo vitu vilivyotengenezwa mbali, na mtu tusiyemjua, vilipoanza kuingia majumbani mwetu ndani ya vyombo vya bati.

Chombo cha kwanza kupata sifa hakikuwa kopo la rangi. Kilikuwa debe. Mafuta ya taa yalisafirishwa katika madebe ya bati, mawili katika kila sanduku la mbao, na kila debe lilichukua lita 18 na ushei. Mafuta yalipokwisha debe halikutupwa. Lilibeba maji na kupima mahindi na karanga, likanyooshwa kuwa mlango, likawa bati la kuezekea. Hadi leo muuzaji sokoni anataja debe la muhogo mkavu wakati hakuna debe lolote mbele yake. Wenye kampuni za mafuta hawakuulizwa hata siku moja chombo chao kiliishia wapi, na hapakuwa na haja ya kuwauliza, kwa sababu mafuta ya taa yanayobaki ndani ya debe hupukutika na harufu yake huisha kwa sabuni na majivu. Tulijifunza hapo kwamba chombo kitupu ni zawadi. Naamini somo hilo ndilo tunalolitumia vibaya kwa kopo la rangi.

Rangi yenyewe ilichelewa kufika kwa watu wa kawaida. Vita vya 1979, na zaidi mapigano ya Oktoba 1980, vilibomoa sehemu kubwa ya Arua na Koboko, na maelfu ya watu walikimbilia Sudan na Zaire, yaani Kongo ya leo. Waliporudi katika miaka ya 1980 walitafuta kwanza mabati na misumari. Nani angewaza rangi? Mambo yalibadilika baada ya mkataba wa amani ya Sudan Kusini wa Januari 2005. Biashara ya kuvuka mpaka ilikua, ghorofa zikaota Arua, nyumba za wageni zikajengwa kando ya barabara ya Koboko. Kampuni za simu nazo zilianza kupaka maduka ya barabarani rangi zao, njano hapa, nyekundu pale, na mwenye duka alipopata mkataba mwingine ukuta ule ule ulipakwa upya. Tarehe 1 Julai 2020 Arua ikawa jiji, na kila mwenye jengo alitaka lionekane kama la jiji.

Baba mdogo amekula matunda ya miaka hiyo, na mimi pia, kwa kuwa karo yangu imetoka kwenye brashi yake. Lakini kila ukuta uliacha kopo. Shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia mazingira liliwahi kukadiria kwamba karibu asilimia 10 ya rangi inayonunuliwa kule haitumiki. Kwetu kiwango hakiwezi kuwa hicho hicho, maana hapa mtu hununua kwa kubana na maduka mengine hufungua ndoo ya lita 20 na kuuza kwa kupima, hata katika chupa ya soda. Hata hivyo fundi mmoja amejaza chumba.

Ya maji huisha kwa njia rahisi: huongezwa maji na kumwagwa. Brashi huoshwa mferejini. Rangi ya mafuta huoshwa kwa thina, au kwa petroli pale thina inapokuwa ghali, na petroli hiyo humwagwa nyuma ya nyumba. Manispaa ya zamani ya Arua iligawanywa sehemu mbili zilizoitwa Arua Hill na River Oli, kilima na mto, na sijui kama aliyeyachagua majina hayo alifikiria kwamba kinachomwagwa kwenye cha kwanza huteremka kwenda kwa cha pili. Maji ya bomba ya mji hutoka mto Enyau. Tunayanywa.

Nirudi kwenye swali. Je, mwenye kiwanda amewahi kutujua? Ndiyo, amewahi, tena vizuri sana, kupitia chupa.

Mtu yeyote aliyekulia katika mji wa Uganda kabla ya plastiki kuenea anajua sheria ya chupa ya kioo. Ukienda dukani kununua soda unabeba chupa tupu. Usipobeba, unalipia chupa au unainywa pale pale mbele ya mwenye duka anayekuangalia hadi tone la mwisho. Mwenye duka naye hapewi kreti mpya bila kutoa kreti yenye chupa tupu. Lori lililoleta soda au bia ndilo linalobeba chupa kurudi. Viwanda vya bia vya Port Bell na Jinja viko mbali sana na Koboko, lakini chupa zao zilisafiri njia hiyo na kurudi, mwaka baada ya mwaka, bila Bunge kupiga kura. Chupa ilikuwa mali ya kampuni, na kampuni iliweka bei juu yake. Mtoto aliyeokota chupa njiani hakuokota taka. Aliokota hela ya pipi.

Halafu ikaja chupa ya plastiki, ambayo kampuni haiitaki tena. Kinywaji ni kile kile na jina ni lile lile. Tazama mifereji ya Arua baada ya mvua ya kwanza ya Aprili na utaona ni chupa ipi imelala humo. Watu wa mtaa ni wale wale waliokuwa wakirudisha za kioo, kwa hiyo sikubali ninapowasikia viongozi wakisema kwamba tatizo letu ni tabia. Tabia yetu haikubadilika. Kilichoondoka ni bei iliyokuwa juu ya chupa, na ilipoondoka, chupa ikakosa mwenyewe.

Jibu la pili la historia ni kaveera, na ni la aibu kidogo. Uganda iliipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa Sheria ya Fedha ya 2009. Miaka kumi baadaye Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 ilirudia marufuku, safari hii kwa mifuko myembamba kuliko mikroni 30. Ukinunua nyanya leo sokoni Arua utafungiwa ndani ya kaveera. Kenya ilipiga marufuku yake Agosti 2017 kwa adhabu kali, na mifuko ikaanza kuingia huko kwa magendo kutoka kwa majirani, sisi tukiwemo. Chupa ya kioo ilirudi Jinja bila polisi hata mmoja, na kaveera imewashinda polisi wa nchi nzima. Sheria ya rangi itakayotungwa bila kukumbuka mambo hayo mawili itakuwa karatasi.

Sasa tuitazame sheria ya wenzetu. Wazo kwamba mzalishaji awajibike hadi mwisho wa maisha ya bidhaa yake lilipewa jina na msomi wa Uswidi, Thomas Lindhqvist, mwaka 1990. Kwa upande wa rangi, jimbo la British Columbia nchini Kanada lilianza mwaka 1994. Oregon ilipitisha sheria yake mwaka 2009, ya kwanza ya namna hiyo Marekani, ikaanza kazi Julai 2010 kama jaribio na kufanywa ya kudumu mwaka 2013. California, Connecticut na majimbo mengine yalifuata, hata New York, Illinois na Maryland katika miaka ya karibuni. Utaratibu wake si mgumu. Watengenezaji wa rangi wameunda shirika lisilo la faida liitwalo PaintCare. Kila kopo linapouzwa mnunuzi hulipa ada ndogo. Oregon ilipoanza ilikuwa senti 75 za dola kwa galoni moja. Ada hiyo hulipia ukusanyaji, na mtu mwenye rangi iliyobaki huipeleka bure, mara nyingi kwenye duka la rangi lenyewe. Rangi ya maji iliyo nzima huchanganywa na kuuzwa tena. Ile ya mafuta kwa kawaida huchomwa kama nishati mahali panapofaa.

Mwalimu wangu alipoisoma sehemu hii aliandika pembeni: basi anayelipa ni mnunuzi, si mzalishaji. Ni kweli, na nilikaa na maneno hayo siku mbili. Lakini hata chupa ya kioo ililipiwa na mnunuzi. Tofauti ni kwamba aliyekuwa na deni la kuiondoa chupa mtaani alijulikana kwa jina. Leo mnunuzi wa Koboko anaponunua rangi halipi ada yoyote ya kopo, kisha jamii hulipa kwa maji yake, na hakuna anayejua ni kiasi gani.

Nilipokuwa nasoma masharti ya PaintCare kuna moja lililonisimamisha. Kopo litakaloletwa lazima liwe na lebo yake ya asili. Kwa mtu wa Oregon hilo si jambo la kufikiria. Lakini rangi iliyopimwa kwenye chupa ya soda ina lebo ya soda! Ndoo iliyotumika kuchanganyia rangi tatu ina lebo ya mojawapo, na kopo lililokaa jikoni miaka miwili halina lebo kabisa. Sharti dogo la ofisini lingewafungia nje karibu mafundi wote ninaowajua.

Hata lebo ikisomeka, jina si mtu. Mwaka 2017 Kansai ya Japani ilinunua kampuni ya Sadolin ya Afrika Mashariki. Mabango yakatutangazia kwamba Sadolin sasa ni Plascon. Kumbe jina la Sadolin lilikuwa mali ya AkzoNobel ya Uholanzi, nalo likaendelea kutumika kwenye makopo ya mtengenezaji mwingine. Hakuna ubaya wowote hapo. Ni biashara ya kawaida. Ila fundi aliyehifadhi kopo la 2015 aulize kwa nani? Kwa aliyelitengeneza, au kwa mwenye jina leo? Mali bila daftari hupotea bila habari, na madeni ya namna hii hupotea hivyo hivyo.

Tena sisi tuko mpakani. Barabara ya Koboko inafika Oraba, ng'ambo yake ni Sudan Kusini. Ya Arua inafika Vurra, ng'ambo ni Kongo. Rangi iliyotoka Kampala hulala usiku mmoja kwenye duka la Koboko, kesho iko Yei au Ariwara. Ikiwa ada italipwa Kampala, nani atalikusanya kopo Ariwara? Na ikiwa rangi itaingia kutoka ng'ambo bila ada, muuzaji mwaminifu wa Arua ataonekana mjinga mwenye bei kubwa. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, na kanuni zake za wajibu wa mzalishaji zikafuata 2024. Sheria yetu ya 2019 inautaja wajibu huo pia. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, kwa hiyo sasa nchi zote tatu zinazokutana hapa kwetu ziko ndani ya jumuiya moja. Maoni yangu ni kwamba ada ya kopo haina budi kushikwa kwa mwagizaji na kiwanda, mahali ushuru unaposhikwa, kwa kiwango kimoja katika jumuiya nzima, na fedha zake zifuate makopo hadi yanapokusanywa. Zikibaki mji mkuu, zitajenga ofisi.

Na anayerudisha kopo alipwe. Hapa ndipo ninapotofautiana na Oregon. Kule watu hupeleka rangi bure kwa sababu wanataka nafasi kwenye gereji. Kwetu kopo lina kazi, na huwezi kumnyang'anya mtu chombo kwa hotuba. Bibi yangu alikuwa na kopo la lita 4 alilochotea maji kutoka mtungini. Lilikuwa zuri, lina mshikio wa waya, na ndani pembeni palikuwa na duara jembamba la rangi ya kijani ambalo halikutoka kwa mchanga wala kwa majani ya mpapai. Nilinywea kopo hilo utotoni mwangu wote. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani uliokataza kutumia rangi nyeupe yenye madini ya risasi ndani ya majengo ulipitishwa mwaka 1921. Yaani dunia ilikuwa imejua hatari hiyo tangu Arua ikiwa na umri wa miaka saba. Kopo la bibi huenda halikuwa na risasi. Hakuna aliyekuwa na njia ya kujua, kwa kuwa maandishi yalikwisha kusuguliwa kwa usafi wake mwenyewe.

Ndiyo maana sitaki sheria inayosema watu waelimishwe waache kutumia makopo. Bibi angeambiwa kwamba kopo lake lina bei dukani, tena bei inayotosha kununulia kikombe cha plastiki na sabuni juu, angelipeleka siku hiyo hiyo. Alirudisha chupa za soda maisha yake yote.

Kuna watakaosema mji mdogo kama Koboko usubiri, tuanze na Kampala. Kampala ilikuwa na jaa la Kiteezi, lililofunguliwa mwaka 1996 na kuendelea kupokea kila kitu hadi likawa mlima. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima huo uliporomoka juu ya nyumba za watu, na zaidi ya watu 30 wakafa. Sisi bado hatuna mlima. Tuna vyumba kama cha baba mdogo.

Likizo iliyopita nilimsaidia kukipanga. Tulitoa makopo uani, tukayahesabu, yakawa 43. Lebo zilizosomeka vizuri zilikuwa 11. Tulitenga ya maji na ya mafuta. Ya mafuta ambayo bado yalitikisika tuliyamimina yote kwenye ndoo moja, kijani juu ya nyekundu juu ya nyeupe, tukapata rangi ya kahawia isiyo na jina, na kwa hiyo alipaka lango la jirani bila malipo. Watoto wawili wa mtaani walisimama ugani wakiuliza kama makopo tuliyoyamaliza yana mwenyewe. Baba mdogo aliniangalia kwanza mimi. Kisha akayarudisha chumbani, pamoja na yaliyoganda, akafunga kwa kufuli.